Ruzuku ya kuhifadhi bahari: mwongozo kamili, kuanzia dikoni hadi ripoti ya mwisho

Andiko la kwanza la kuomba ruzuku nililoshiriki kuliandika likapita lilikuwa na kurasa nane. Mfadhili alipopiga simu, hakugusa hata ukurasa mmoja kati ya hizo. Aliuliza kuhusu picha tuliyoiambatanisha mwishoni: ukurasa wa daftari la shule, umekunjamana kwa maji ya chumvi, una safu nne zilizopigwa kwa rula. Tarehe, jina la mwamba, idadi ya pweza, kilo. Mwandishi wake ni mama mmoja mchuuzi wa pweza, na alikuwa ameandika kila bamvua, yaani kila maji yanapotoka sana, kwa miezi kumi na minne bila kulipwa na mtu. Mfadhili alitaka kujua ni nani anayeandika hivyo na kwa nini. Tulipomjibu, mlango ukafunguka.

Naanza na daftari kwa sababu vikundi vingi vya pwani huanza na tangazo. Mtu anatuma kiungo kwenye WhatsApp, mwisho wa kuomba ni Ijumaa, watu wanakesha wakiandika mradi ambao jana haukuwepo. Msomaji wa upande wa pili amesoma maandiko ya namna hiyo kwa mamia, na anayatambua kwa aya ya kwanza. Mwongozo huu unafuata njia nyingine, na ni mrefu zaidi. Umeandikwa kwa ajili ya BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni), kamati ya wavuvi ya shehia, kikundi cha mikoko au shirika dogo lenye watu watatu na meza moja.

Kwanza, kazi iwepo kabla ya pesa

Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi na wazee walikubaliana mwaka 2005 kutenga hekta 30 za bahari zisivuliwe. Eneo la namna hiyo wenyewe hapo wanaliita tengefu. Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kijiji kilifunga sehemu ya mwamba mwaka 2004 ili pweza wakue, na mtindo huo ukasambaa hadi Kisiwa Panza kule Pemba na kwingineko. Kote huko kuna kitu kimoja cha kuangalia: lilikuwepo jambo ambalo watu wa mahali walilikubali na kulisimamia, na fedha za nje zikaja kuliongezea nguvu.

Kama ndiyo mnaanza, ushauri wangu ni mwamba wa pweza. Pweza hukua upesi mno, kiasi kwamba kufunga kwa miezi mitatu kunatosha watu kuona tofauti kwenye mizani. Matumbawe yatakudai miaka. Ruzuku ndogo ya mwaka mmoja haiwezi kuonyesha matumbawe yaliyopona, lakini inaweza kuonyesha pweza aliyenenepa.

Makubaliano yaandikwe: muhtasari wa mkutano, tarehe, majina, saini au dole gumba. Hapa niseme jambo ambalo limeharibu miradi mizuri. Mara nyingi wanaokaa mkutanoni na kupitisha uamuzi wa kufunga mwamba ni wanaume wenye vyombo, ambao huvua maji makubwa. Wanaopoteza mahali pa kuchumia ni wanawake wanaokwenda kwa miguu na vijiti vyao maji yakitoka. Anayepiga kura hana cha kupoteza, na anayepoteza hakuitwa. Mfadhili makini atauliza wanawake wangapi walihudhuria na walisema nini, na hata asipouliza, mwamba huo utaibiwa usiku na wenye haki nao. Itisheni mkutano wa pili kwa ajili yao, saa ambayo si ya bamvua, na mwandike walichokubali na walichokataa.

Kuhusu daftari lenyewe. Nunueni mizani ya kuning'iniza na mpime dikoni, pale wavuvi wanapofikia na mavuno yao, kila siku ya kazi. Andikeni watu wangapi walitoka na walikaa saa ngapi, maana kilo arobaini za watu wanne si sawa na kilo arobaini za watu thelathini. Siku ya mkono mtupu nayo iandikwe. Daftari lisilo na sifuri halimshawishi mtu anayejua bahari. Kusanyeni angalau mwaka mzima, mpate misimu yote miwili ya upepo, kusi na kaskazi, kwa sababu Februari hulinganishwa na Februari, wala hailinganishwi na Julai.

Pili, jina la kisheria

Hili halihitaji maneno mengi, ila lisipokaa sawa mengine yote yanakwama. Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika rasmi tarehe 14 Mei 2024, ikachukua nafasi ya ile ya NGO ya mwaka 1990. Vikundi vidogo vina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na BMU zina kanuni zake. Tanzania Bara, mashirika husajiliwa chini ya Sheria ya NGO ya mwaka 2002, na kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 ufikishwe kwa Msajili ndani ya siku 10. Zanzibar ina msajili wake na sheria zake. Ikiwa kazi yenu ina utafiti ndani yake, kibali cha COSTECH, tume ya sayansi ya Tanzania, au NACOSTI ya Kenya kiombwe mapema, kwani hakitolewi kwa wiki moja.

Kikundi kisicho na usajili unaotosha kinaweza kupokea fedha kupitia shirika mwenyeji, yaani shirika lililosajiliwa linaloshika pesa kwa niaba yenu na kukata asilimia fulani kwa kazi hiyo. Njia hii ni halali na ni ya kawaida. Andikianeni mkataba unaosema asilimia ngapi, pesa zitawafikia ndani ya siku ngapi, na nani atazungumza na mfadhili. Nimeona kikundi kikisubiri miezi mitano fedha ambazo tayari zilikuwa nchini, kwa sababu mkataba na mwenyeji ulikuwa wa maneno tu.

Tatu, mjue mfadhili kabla hajakujua

Neno "mfadhili" limebeba watu wa aina nyingi. Mfuko mdogo unaompa mtu pauni elfu chache si sawa na wakfu wa familia tajiri wa California. Kwa kazi ya bahari katika pwani yetu, nawaona hivi.

Mlango wa kwanza, kwa wengi, ni Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, unaoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992. Umetengenezwa kwa ajili ya vikundi vya jamii, una mratibu na kamati katika kila nchi, na kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000. Faida yake kubwa ni kwamba ofisi iko nchini: unaweza kwenda, ukauliza, ukaonyesha daftari. Rufford Foundation ya Uingereza husaidia mtu mmoja au timu ndogo yenye kazi ya uhifadhi katika nchi zinazoendelea, na waliomaliza vizuri ruzuku ya kwanza huruhusiwa kuomba ya pili. Kwa watafiti, WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari chenye makao Zanzibar, ina ruzuku za MASMA na MARG kwa sayansi ya bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi. Juu zaidi iko Blue Action Fund, iliyoanzishwa na serikali ya Ujerumani mwaka 2016, ambayo hutoa mamilioni ya euro kwa mashirika makubwa yenye uzoefu wa maeneo tengefu. Kikundi kidogo hakiombi huko moja kwa moja. Hujiunga kama mshirika wa shirika kubwa, na hapo ndipo mnapaswa kudai bajeti yenu wenyewe, isiwe posho za semina tu.

Kisha wako wakfu wakubwa kama Packard, Moore na Oak. Wengi wa daraja hilo hawapokei maandiko yasiyoombwa, huchagua wenyewe. Usiwakatie tamaa, lakini usiwaandikie andiko la kurasa ishirini. Wanakufikia kwa njia ya watu: mshirika wenu aliyekwisha kufadhiliwa nao, mtafiti aliyefanya kazi kijijini kwenu, mkutano wa kisayansi ambako mama wa daftari alipewa dakika kumi za kuzungumza.

Sasa, kitu ambacho watu wachache huku kwetu hukitumia. Sheria ya kodi ya Marekani inaulazimu kila wakfu binafsi kujaza fomu 990-PF kila mwaka, na fomu hiyo iko wazi kwa umma. Ndani yake kuna orodha ya kila shirika lililopewa pesa, kiasi, na sababu. Tovuti ya ProPublica iitwayo Nonprofit Explorer inazo bure. Kwa Uingereza, hesabu za mashirika ya hisani ziko kwenye rejista ya Charity Commission, na GrantNav ya 360Giving inaonyesha ruzuku moja moja. Kaa na fomu za miaka mitatu. Je, wamewahi kutoa pesa Afrika Mashariki? Ruzuku yao ndogo kabisa ni kiasi gani? Kama ruzuku ya chini ni dola 200,000, ombi lako la dola 15,000 litawasumbua zaidi kulisimamia kuliko kulitoa. Kama wametoa kwa kasa pekee kwa miaka mitatu, usiwapelekee mikoko ukitumaini watabadilika. Jioni mbili za kusoma fomu hizi zimeniokolea miezi ya kuandika bure.

Sheria hiyohiyo inautaka wakfu binafsi utoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya mali yake. Kwa hiyo afisa wa wakfu ana kazi ya kutafuta mahali pazuri pa kuweka pesa, na wewe una kazi ya kuhifadhi bahari. Mnahitajiana. Andika ukiwa na akili hiyo, kwa heshima na bila unyonge.

Nne, barua ya nia na andiko

Wafadhili wengi huanza na barua ya nia au dokezo la kurasa mbili. Hapa ndipo maombi mengi hufia, na sababu yake ni aya ya kwanza. Tazama hii:

"Bahari yetu inakabiliwa na changamoto nyingi zikiwemo uvuvi haramu, mabadiliko ya tabianchi na uelewa mdogo wa jamii."

Hakuna uongo hapo, lakini hakuna mahali, hakuna mtu, hakuna samaki. Sasa hii, ambayo nimeitunga kama mfano:

"Mwamba wetu una urefu wa kilomita mbili. Wanawake 64 na wanaume 31 wa vijiji viwili huchokoa pweza hapo kila bamvua. Tangu Machi mwaka jana tumepima kila pweza anayefika dikoni, na wastani wake ni kilo 0.7. Vijiji vyote viwili vimekubali kufunga theluthi moja ya mwamba kwa miezi mitatu, mara mbili kwa mwaka. Tunaomba fedha za maboya, mafuta ya doria na malipo ya waandishi wawili wa takwimu."

Aya ya pili ameiandika mtu anayejua idadi ya wenzake. Haikuhitaji Kiingereza cha chuo kikuu. Ikiwa lazima andiko liwe la Kiingereza, liandikeni kwanza kwa Kiswahili mkiwa pamoja, mkubaliane kila namba, ndipo mtu mmoja afanye tafsiri. Andiko lililoanzia kwenye Kiingereza cha mtu mmoja huwa mali ya mtu huyo, na akiondoka hakuna anayeweza kujibu swali la mfadhili.

Viashiria viwe vichache na viwe vile mnavyoviweza. Kilo kwa mvuvi kwa siku ni kiashiria. Uzito wa wastani wa pweza ni kiashiria. "Watu 500 wameelimishwa" ni hesabu ya viti vilivyokaliwa, na mfadhili anajua hivyo. Kwa mikoko, msihesabu miche iliyopandwa bali iliyo hai baada ya mwaka, na mwandike aina yake na mahali, kwa kuwa mkandaa uliopandwa penye mawimbi ya wazi hung'oka wote. Gazi, kaunti ya Kwale, kikundi cha Mikoko Pamoja kinauza hati za hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na pesa zinakwenda kwenye maji na shule za kijiji. Waliweza kwa sababu msitu wao una hesabu inayokaguliwa chini ya kiwango cha Plan Vivo.

Tano, bajeti

Nitakaa hapa zaidi, maana vikundi vinapata ruzuku kisha vinaumia kwa bajeti ndogo kuliko kazi.

Chukua doria ya boti. Tuseme boti inakula lita 20 kwa doria moja, na mmepanga doria nane kwa mwezi. Mwenye haraka anazidisha: nane kwa kumi na mbili, doria 96, lita 1,920. Lakini kusi ikikaza, Juni hadi Agosti, nusu ya siku hizo boti haitoki. Andika miezi tisa ya doria nane na miezi mitatu ya doria nne: doria 84, lita 1,680. Kisha weka vile ambavyo hesabu ya mafuta huvisahau: oili, plagi, propela ya akiba, fundi wa mashine, makoti ya kuokolea, chakula cha mabaharia, na ukarabati wa chombo chenyewe. Mfadhili akiona umeijua kusi ndani ya bajeti, ataamini na namba zako nyingine. Na kama doria inafanywa pamoja na maafisa wa uvuvi au KMKM, kikosi cha majini cha Zanzibar, ulizeni mapema kama posho zao zinaruhusiwa. Wafadhili wengi hukataa kuwalipa watumishi wa serikali.

Weka mshahara wa mhasibu, hata kama ni wa siku mbili kwa wiki. Weka kodi ya chumba, umeme, vifurushi vya intaneti, ukaguzi wa hesabu. Wafadhili wengi hukubali gharama za uendeshaji kwa kikomo, mara nyingi asilimia 10 au 15, lakini gharama inayohusu mradi moja kwa moja, kama mhasibu wa mradi, inaweza kuandikwa kwenye mstari wake na isihesabiwe humo. Kuna viongozi wanaoficha gharama hizi wakidhani bajeti nyembamba inapendeza. Matokeo yake ni katibu anayefanya kazi bure hadi anachoka, na mwezi wa nane ripoti haiandikwi.

Halafu kuna thamani ya pesa. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya; kufikia Aprili ilikuwa karibu 130. Kikundi kilichopanga dola 20,000 kwa bei ya Januari kilitarajia shilingi milioni 3.2, na kama fedha zilifika Aprili kilipata milioni 2.6. Shilingi 600,000 zimeyeyuka na hakuna aliyeiba. Andikeni bajeti kwa kiwango cha tahadhari, tajeni kiwango hicho ndani ya andiko, na mwombe mkataba uruhusu kuhamisha hadi asilimia 10 kati ya mistari ya bajeti bila kuomba ruhusa.

Sita, mkichunguzwa

Baada ya andiko kupendwa huja maswali mengi: katiba, orodha ya bodi, hesabu za miaka miwili, sera ya ununuzi, sera ya kuzuia rushwa na unyanyasaji, akaunti ya benki yenye waweka saini angalau wawili. Wengine huona wanadharauliwa. Kwa wakfu wa Marekani, sheria inauagiza ama uthibitishe kuwa shirika la nje lina hadhi sawa na la hisani la kwao, ama ufuatilie matumizi yote na kupokea ripoti. Afisa anayewauliza anajibu maswali ya mwanasheria wake. Tengenezeni faili moja la nyaraka zote, mlisasishe kila Januari. Sera ziwe fupi na ziwe zenu: sera ya ununuzi ya ukurasa mmoja mnayoifuata inafaa kuliko ya kurasa thelathini mliyonakili.

Someni mkataba wote kabla ya saini. Tafuteni tarehe za ripoti, masharti ya awamu ya pili ya fedha, na nani anamiliki takwimu na picha. Kuhusu takwimu za mwamba nawasihi msilegeze: ziwe mali ya kijiji, mfadhili apewe nakala.

Saba, pesa zikifika

Funguo za mwaka wa kwanza ni risiti. Muuza petroli wa kijijini hana risiti za mashine, mchukuzi hana, mama anayepika chakula cha mkutano hana. Andaeni hati ya malipo yenu yenye namba ya mfululizo, tarehe, kazi, kiasi, jina na dole gumba au saini ya mpokeaji, na mlipe kwa simu kila inapowezekana, ili taarifa ya miamala iwe ushahidi wa pili. Mwonyesheni mfadhili fomu hiyo mwanzoni na mwombe aikubali kwa maandishi. Kikundi kimoja nilichokisaidia kilikataliwa gharama za mafuta ya miezi minne kwa sababu hakikuuliza swali hilo, na wanachama walichanga kurudisha.

Jambo likienda vibaya, mwandikieni mfadhili wiki hiyohiyo. Boti imezama, maboya yameibwa, kijiji cha pili kimejitoa kwenye makubaliano: barua ya aya tatu inayosema kilichotokea, mlichofanya na mnachopendekeza. Karibu kila mara hujibu kwa kurekebisha ratiba. Kinachowakasirisha ni kugundua jambo hilo kwenye ripoti miezi sita baadaye.

Ripoti ianze na jedwali la kilo, mwaka uliopita kando ya mwaka huu, kisha maelezo. Kama pweza hawakuongezeka, semeni hivyo na mseme mnadhani ni kwa nini. Na kabla ya kuituma, isomwe dikoni, kwa sauti, pamoja na hesabu ya pesa yote. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, mzee mmoja alisimama akasema lita za mafuta za Aprili haziendani na siku ambazo boti ilitoka. Alikuwa sahihi, tulikuwa tumeandika doria moja mara mbili. Tukaisahihisha palepale kwa kalamu, na nakala yenye masahihisho ndiyo iliyokwenda kwa mfadhili.

Miezi sita kabla ruzuku haijaisha, anzeni kuandika barua ya nia inayofuata. Mpelekeeni mfadhili wa sasa kwanza, na wengine wawili mliowasoma kwenye fomu zao. Mwandishi wa daftari awe amekwisha kulipwa hadi bamvua ya mwisho ya mkataba, na daftari jipya liwe limenunuliwa.